Mwaka Tuliochimba Pamizigo

Fundi Oswin tulimzika Liuli, juma la pili baada ya Pasaka, na kaburi lake lilichimbwa vibaya. Nasema hivyo bila kumkosea mtu heshima. Vijana walijitahidi, lakini mvua ilikuwa imelainisha udongo, kingo zilimomonyoka, na pembe moja ilipinda kama mguu wa kiti kilichochongwa na mlevi. Nilisimama kando na mwavuli wangu, mwanamke mzima, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, nikaona aibu kwa niaba ya marehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwamba ukuta wa shimo hukatwa kwa mwiko kutoka juu kwenda chini, kidogo kidogo, bila haraka, mpaka udongo wenyewe ukubali kusimama. Katika wasifu wake walisoma kwamba alijenga makanisa matatu, nyumba za walimu, na kisima cha sokoni. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyetaja Pamizigo, kwa sababu aliyeandika wasifu alikuwa hajazaliwa. Nesi Gertruda alishatangulia, Sajenti Mbunda naye alishatangulia, na sasa kati ya sisi wanne tuliochimba kule nimebaki peke yangu. Nilipanda gari kurudi Mbinga nikiwa nimeamua kwamba mwaka ule nitauandika mimi. Nimeishi miaka mingi na nimefanya kazi ambayo watu waliiheshimu, lakini nikiulizwa ni mwaka upi ninaouonea fahari, siuhesabu hata mmoja wa kazini.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kule kusubiri kulikuwa kunanila kama mchwa. Jumapili moja ya Januari likasomwa tangazo kanisani, baada ya matangazo ya ndoa: kule ziwani, Lipingo, nesi mstaafu anahitaji binti mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa. Halikusema asiyeogopa nini. Nikajipeleka kwa katekista siku hiyo hiyo. Juma lililofuata nilikuwa nateremka na lori la mahindi kutoka milimani, kwenye baridi yetu ya sweta mbili, kona baada ya kona, mpaka joto likaanza kunipanda miguuni na ziwa likatokea chini, pana, halina ng'ambo. Nyumba ya Nesi Gertruda ilikuwa na vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa hadi ukaona kivuli chako, na harufu ya sabuni ya hospitali ambayo sijawahi kuisikia tena mahali popote. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, mwembamba, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

"Shikamoo Mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Editha? Andika hapa jina lako, na jina la kijiji chenu, na chochote ulichokula leo."

Nikaandika. Akaichukua karatasi, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua. Ndipo nilipoona macho yake: yalikuwa na wingu jeupe. "Mtoto wa jicho," akasema, kama aliyejua ninachokitazama. "Mikono bado inaona. Ninachokosa ni mtu wa kuandika inachokiona." Kisha akanieleza kazi, palepale mlangoni, kabla sijatua mzigo. Juu ya kijiji, mwendo wa saa moja kupanda, kulikuwa na mteremko ambao watu wa pale hawakuulima, wakiuita Pamizigo. Wazee walisema ni mahali ambapo katika ile vita ya kwanza ya wazungu, babu zetu waliokuwa wanabebeshwa mizigo ya jeshi walikutwa na risasi na kufa pamoja na askari waliokuwa wanawasindikiza. Mwaka uliopita Fundi Oswin alikwenda pale kutafuta mawe ya msingi, akainua jiwe, akakuta taya. Alilirudisha jiwe polepole, akateremka moja kwa moja mpaka kwa Nesi, kwa kuwa alikuwa mtu pekee aliyemjua ambaye mifupa haikumtisha. Na sasa barabara ya ziwani ilikuwa inapanuliwa. Katapila lingefika baada ya Nanenane, na mteremko ule ungekatwa wote.

"Likifika kabla yetu, watasagwa pamoja na kokoto," Nesi akasema. "Magari yatapita juu yao. Unaogopa?"

Nilisema siogopi. Nilikuwa naogopa sana.

Jioni ile nilikuwa jikoni nasonga ugali wa muhogo, kitu ambacho sikukijua, na ugali ukawa unanishinda nguvu. Sajenti Mbunda na Fundi Oswin walikuwa wamekuja kunikagua, wamekaa barazani, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa miti na udongo tu, kila neno lilipita. Sajenti alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa sauti kubwa hata anaponong'ona. "Huyu wa milimani," akasema, "atakimbia kabla Kwaresima haijaisha." Fundi akacheka kidogo. Nesi akajibu, "Mtazame anavyokula, ndipo useme." Basi nilipotenga chakula, usipa waliopikwa na nyanya, nilijua natazamwa. Nyumbani tulizoea maharage. Samaki wadogo wale wenye macho walikuwa wageni kwangu. Nikala, na vichwa vyao nikala, na mchuzi nikaufuta kwa tonge la mwisho. Sajenti akanitazama, akamtazama Nesi, akasema, "Haya, tumepata karani." Tangu siku hiyo Fundi Oswin hakuniita Editha tena. Nilikuwa Karani, hata aliponipigia simu kunipa pole nilipofiwa na mume wangu, miaka mingi baadaye.

Mvua ilipokuwa inanyesha hatukuweza kuchimba, kwa hiyo miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya darasa. Nesi alinilaza sakafuni, akanizungushia chaki mwili mzima, kisha nikainuka na yeye akapiga magoti ndani ya umbo langu, akanionyesha kila mfupa mahali pake. Mtulinga. Paja. Pingili za shingo ni saba, hata za twiga ni saba. Alinifunga kitambaa machoni akaniwekea mifupa ya mbuzi mkononi ili nijue kwanza kisicho cha mtu. Alikuwa mkali. Nikikosea alisema "Tena," na neno hilo moja lilinitoa jasho kuliko kiboko cha mwalimu. Sajenti ndiye aliyekwenda wilayani kufuatilia kibali, safari nne, mpaka akarudi na barua yenye muhuri, akaivalisha mfuko wa nailoni na kuitundika ukutani karibu na msalaba. Hakuna aliyetulipa. Wala hatukuombwa na mtu. Leo, kila nikisikia neno kujitolea likitajwa kwenye mikutano yenye soda na bahasha, nakumbuka kwamba Fundi Oswin aliacha kazi ya kupiga lipu iliyokuwa na malipo, msimu mzima, akaja kutuchimbia na mwiko wake mwenyewe.

Tulianza Mei, nyasi zilipokauka. Fundi alipigilia vigingi, akavuta kamba, akaugawa mteremko viwanja kama mtu anayetaka kujenga kijiji. Walichimba yeye na Sajenti. Nesi alikaa kwenye kigoda kando ya shimo, mifupa ikapita mikononi mwake mmoja mmoja. Nami nilikaa miguuni pake na daftari, nikichora kila mtu alivyolala na kuandika alivyosema. Wa kwanza tulimtoa kwa siku tatu. Alikuwa na vifungo vinne vya shaba kifuani, vyenye alama ya taji, na misumari ya mabuti miguuni. Wa pili hakuwa na kitu. Nesi alizishika pingili za shingo yake, akazigeuza tena na tena. Kisha akanipa. "Zimebanwa," akasema. "Ona zilivyokuwa bapa, zilivyoota miba pembeni. Huyu alibeba kichwani tangu hajakomaa, na alibeba vizito. Andika: mpagazi." Nikaandika. Kila tuliyemtoa tulimfunga kwa shuka safi, tukamteremsha mpaka nyumbani, na walilala kwenye rafu ambazo Fundi alizipiga katika chumba cha tatu, kando ya changu. Asubuhi nikiamka nilikuwa nagonga ule mlango na kuwasalimu kabla ya kuwasha moto. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Lakini pale bombani nilianza kusikia maneno. Wanawake walinyamaza nikifika, kisha wakaendelea nikiwapa mgongo kujitwisha ndoo. "Rupia za Mjerumani hizo." "Eti mifupa! Mtu mzima na akili zake anachimba mifupa?" "Nesi amezeeka, anatumiwa." Kila mtu wa pwani ya ziwa alimjua mtu aliyemjua mtu ambaye alichimba sanduku la rupia lililofukiwa na Wajerumani. Niliporipoti, Sajenti alicheka. Jumatatu moja ya Juni tulipanda Pamizigo, kicheko kikaisha. Viwanja vyetu vilikuwa vimefukuliwa kwa majembe. Kamba zimekatwa, vigingi vimetupwa, na mtu mmoja ambaye tulikuwa tumemfikia kiunoni siku ya Jumamosi, tukamfunika vizuri kwa majani ili tumkute, alikuwa ametapanywa mteremko mzima. Fuvu lilikuwa limegongwa jembe. Fundi Oswin alivua kofia, akakaa chini palepale kwenye udongo. Sajenti alikuwa anatukana kwa sauti, anataka majina, anataka atajiwe mtu mmoja tu. Nesi hakuona, ilibidi nimweleze. Nikamweleza kila kitu, fuvu liko wapi, mguu uko wapi, na nilipomaliza nilikuwa nalia.

"Okota," akaniambia. "Utalia ukimaliza kuokota."

Tuliporudi, mwenyekiti wa kijiji alikuwa anatungojea na mgambo wawili. Aliogopa vurugu, na mimi leo namwelewa. Alisema watu wamegawanyika, wengine wanataka wagawiwe kilichopatikana, wengine wanasema tunaamsha mizimu na samaki watapotea. Kwa hiyo anazichukua zana zetu na kuzifungia ofisini mpaka mkutano wa kijiji uamue. Sajenti akamwonyesha barua ya wilaya. Mwenyekiti akasema barua ameiona, lakini wilaya hailali Lipingo. Nikahesabu moyoni siku zilizobaki mpaka Nanenane, nikaona tumekwisha. Ndipo Nesi aliposema, bila kupandisha sauti, "Mwenyekiti, chukua zana. Mkutano uwe kesho asubuhi, na uwe uani kwangu. Waambie kila anayetaka sehemu yake ya rupia aje kuichukua."

Usiku ule sijui kama kuna aliyelala vizuri, lakini alfajiri Nesi aliniamsha tukaazima mikeka kwa majirani, ule wa kulalia, ule wa kuanikia muhogo, wote. Tukaitandika uani safu mbili. Kisha tukawatoa wote chumbani, tukawafungua shuka, na kila mmoja tukampanga juu ya mkeka wake, kichwa, mikono, mbavu, miguu, kila mfupa mahali pake kama nilivyofundishwa kwa chaki. Vifungo vya shaba tuliviweka kwenye sahani, mahali pa kuonekana. Watu walipoanza kuingia walikuwa wanaongea. Wakifika kwenye mikeka wanaacha. Ua ulijaa, hakuna sauti ila ya kuku. Nesi akasimama katikati. "Huu ndio utajiri tulioupata," akasema. "Vifungo vile pale. Mwenye kuvitaka achukue. Sisi kazi yetu ni hawa."

Hakuna aliyesogea. Akamwita mwanamke mmoja kwa jina, Mama Agnes, mmoja wa wale wa bombani, mwanamke mnene mwenye kauli kali. "Njoo hapa, mwanangu. Nipe mkono." Mama Agnes akaja, akitazama pembeni. Nesi akauchukua mkono wake, akamwekea vidole juu ya pingili za shingo za mtu mmoja pale mkekani, kisha akauinua mkono uleule na kuuweka nyuma ya shingo ya Mama Agnes mwenyewe. "Umeanza kubeba ndoo ukiwa na miaka mingapi?" Mama Agnes akasema, sita, saba. "Na inakuuma wapi?" Vidole vya Mama Agnes vilikuwa vimebaki palepale shingoni. Nikaona wanawake wengine, wale waliokuwa karibu, mmoja baada ya mwingine, wanapeleka mikono nyuma ya shingo zao, wanajigusa. Nimekaa mahakamani miaka mingi, nimeona ushahidi wa kila namna ukitolewa. Wenye nguvu kama ule sijauona. "Hawa hawakwenda vitani kwa kupenda," Nesi akasema. "Walikamatwa mashambani wakabebeshwa. Walibeba mpaka wakafa na mizigo yao. Mizimu gani mnayoiogopa? Hawa wamechoka tu."

Mwenyekiti alirudisha zana mchana ule ule, mwenyewe, begani. Siku ya pili tulipofika Pamizigo tulikuta wanawake wanane na chekeche, na Mama Agnes anauliza aanzie wapi. Aliyegonga lile fuvu hakujulikana, na Nesi hakutaka ajulikane. Lakini kuna mwanamume mmoja alikuja kila siku mpaka mwisho, akabeba udongo bila kusema neno na mtu yeyote.

Habari zilipanda mpaka milimani kwetu, zikatangazwa makanisani, na mwezi wa Julai akaja Bibi Alfonsia. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, ameteremka kwa miguu na mjukuu wake wa kike kwa siku mbili, kwa kuwa gari lilimtapisha. Aliongea Kimatengo tu, kwa hiyo nilikuwa mkalimani. Baba yake alichukuliwa yeye akiwa tumboni, akaondoka na mzigo wa unga wa jeshi, hakurudi. Mama yake alikufa akiwa bado anamngoja. Sasa amesikia wamepatikana. Akaingia chumba cha tatu, akazitazama rafu, akaniuliza, "Baba yangu ni yupi?"

Nilimgeukia Sajenti, nikaona jinsi alivyotaka. Alinivuta kando, akanong'ona kwa ile sauti yake kubwa, "Mwonyeshe mmoja. Mzee wa watu ametembea siku mbili. Nani ataumia?" Nesi alisikia. "Ataumia yule tutakayemwonyesha," akasema, "ambaye si baba yake, naye ana watu wake wanaomtafuta. Editha, mwambie ukweli." Nikamwambia Bibi kwamba hatujui. Kwamba hata kama yumo, na hatuna hakika kama yumo, hakuna wa kumtambua. Nilimwambia nikiwa nimeinama, maana sikuweza kumtazama. Bibi akamwomba mjukuu wake amsaidie kupiga magoti, akaanza na rafu ya chini kushoto, akaweka kiganja juu ya shuka ya kwanza na kuamkia kama binti anavyomwamkia baba yake. Akaenda kwa wa pili. Aliwasalimu wote, wenye vifungo na wasio na vifungo, na wale wa rafu za juu nikamwinua kwa kiuno akawafikia. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza akaniambia, "Kama yumo, nimemsalimu. Kama hayumo, labda binti wa mtu mwingine huko aliko atamsalimu wangu." Alikataa kurudi kwao kabla ya maziko. Alilala chumbani kwangu, na asubuhi alichambua mboga na kumkosoa Nesi namna ya kupika maharage.

Mwisho wa Julai akafika mgeni kutoka nje, mzungu mzee mwembamba, pamoja na mkalimani kutoka mjini. Alitoka kwenye chama fulani kinachotunza makaburi ya wanajeshi; wilaya ndiyo iliyomwandikia. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alikaa na daftari langu siku nzima, akigeuza kurasa kwa ncha za vidole, na akasema kupitia mkalimani kwamba ameona kazi za wasomi zisizofika nusu ya hii. Nilivimba kichwa. Kisha jioni, mbele yetu wanne na mwenyekiti na wazee wa kanisa, akaeleza utaratibu. Chama chake kimeleta saruji ya makaburi kumi na moja, kwa ajili ya askari kumi na mmoja. Wale wengine ishirini na watatu, kwa kuwa hawakuwa wanajeshi walioandikishwa, hawamo katika kanuni. Kijiji kinaweza kuwazika katika shimo moja la heshima, kando kidogo. Aliposema hivyo alitazama chini. Sidhani kama alizipenda zile kanuni.

Nilimngoja Nesi aseme. Nikamngoja Sajenti. Kisha nikagundua kwamba Nesi amenigeuzia uso wake wenye mawingu, anangoja mimi. Sikuwahi kusema mbele ya mkutano maishani. Nikasimama na daftari.

"Baba," nikamwambia yule mgeni, "naomba ufungue ukurasa wa katikati, ule mkubwa." Nilikuwa nimeunganisha karatasi nne nikachora mteremko wote, na kila mtu mahali alipolala. "Wamelala mstari mmoja. Vichwa vyote vimeelekea ziwani, mikono imekunjwa kifuani. Wa kwanza ana vifungo, wa pili hana, wa tatu hana, wa nne anavyo. Kuna askari ambaye bega lake lilikuwa juu ya bega la mpagazi. Aliyewazika alikuwa pale. Aliwajua kwa sura, alijua nani askari na nani mpagazi, na alikuwa na haraka, pengine bado walikuwa wanapigwa risasi. Hakuwatenganisha. Sisi ambao hatukuwepo tunapata wapi ruhusa ya kuwatenganisha?"

Mkalimani alitafsiri polepole. Yule mzee alikaa na mchoro ule magotini muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mstari, kichwa mpaka kichwa. Kisha akasema kanuni hana uwezo wa kuzibadili, na saruji ni ya makaburi kumi na moja tu. Hapo Fundi Oswin, ambaye mkutanoni hakuwa anasema, akakohoa. "Muulize unene wa hilo bamba linalotakiwa." Akajibiwa. Fundi akapiga hesabu kwa vidole. "Tukipunguza unene na upana, na mchanga wa ziwa tukauosha vizuri, saruji hiyo hiyo inatoa mabamba thelathini na manne. Madogo. Lakini yote sawasawa, na hayapasuki, nitayamwagilia mwenyewe." Mkalimani akatafsiri. Mgeni akamtazama Fundi, akatazama magunia ya saruji, akasema maneno machache. Mkalimani akaanza kucheka kabla ya kuyatafsiri: "Anasema hakuja na futi ya kupimia."

Tukabaki na swali la maneno ya kuandika. Mchungaji alipendekeza aya, padre akapendekeza nyingine, na kwa kuwa tulikuwa Waanglikana na Wakatoliki mezani pamoja, hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake. Nesi akasema tusiandike tusichokijua. Hatujui majina, hatujui dini, hatujui umri. Mama Agnes alikuwa anapakua wali, akasema bila kugeuka, "Kwani si mtoto wa watu? Kila mmoja hapo ni mtoto wa watu." Fundi Oswin aliandika hivyo kwa msumari katika saruji mbichi, mara thelathini na nne: MTOTO WA WATU. Hata juu ya wale wenye vifungo.

Tuliwazika siku chache kabla ya Nanenane, katika uwanja ambao kijiji kilitoa juu ya barabara mpya, mahali ambapo katapila halingefika. Walikuja watu kutoka Liuli na Mbaha, na malori mawili yalitoka milimani kwetu. Sajenti alivaa suti yake na nishani zake, akatoa amri moja tu: hakuna sanduku litakalobebwa kichwani. "Hawa walishabeba vichwani vya kutosha," akasema. Kwa hiyo tulipanda mlima tukiwa watu wanne wanne, kila sanduku mikononi, kifuani, ingawa lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtoto angeweza kujitwisha. Mwenyekiti alishika pembe ya sanduku la kwanza. Mimi nilikuwa na Mama Agnes na yule mwanamume asiyesema na mjukuu wa Bibi Alfonsia. Makaburi ya Fundi Oswin yalikuwa yamekatwa kama kwa kisu, mstari mmoja, vichwa kuelekea ziwani.

Masanduku yalipokwisha kushushwa, Sajenti alisimama mbele, akafungua mdomo, akaufunga. Jeshini, alituambia, mtu huitwa jina lake. "Hatuna majina ya kuita," akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo kweli. Ndipo Bibi Alfonsia alipoita jina la baba yake. Aliliita kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Tulishtuka. Sajenti akabana visigino, akajibu, "Yupo!" Kisha mzee mmoja kutoka milimani akaita jina la babu yake, aliyechukuliwa na hakurudi. "Yupo!" Mama Agnes akaita. Mwingine akaita, na mwingine, majina ya Kimatengo, ya Kinyasa, ya Kingoni, majina ambayo hayajatamkwa kwa sauti tangu walioyatamka mara ya mwisho wazikwe, na sasa umati wote ulikuwa unajibu pamoja na Sajenti. Nilikuwa nayaandika mbiombio, nimepiga magoti, daftari juu ya goti. Yalikuwa mengi kuliko makaburi. Hakuna aliyejali.

La mwisho aliliita Sajenti mwenyewe. Halikuwa jina la kwetu. Athumani Salehe. Kwa muda hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyelijua, naye alikuwa amesimama wima, kidevu juu, machozi yanateremka hadi kwenye nishani. Kisha Nesi Gertruda, ambaye alikuwa haoni chochote ila mwanga, akasema, "Yupo," na watu wote wakamfuata.

Baadaye, watu wakila, nilimfuata na penseli. Nikamwambia, "Sajenti, lile jina la mwisho sijui niliandike wapi. Huyo ni wa ukoo gani?"

Alikuwa ameshika sahani, hajala. "Si wa ukoo wowote hapa, mwanangu. Ni koplo wangu. Tulimwacha upande wa Uganda, kwenye kinamasi, wakati wa Vita vya Kagera. Tulirudishwa nyuma siku ile, na tulipofika tena pale maji yalikuwa yamejaa. Nilimtafuta siku mbili, nikaamriwa kuondoka." Akaitazama sahani. "Kwa haki hastahili kuwemo katika daftari lako. Hayuko Pamizigo."

Nikakaa chini kando yake, nikafungua ukurasa, nikaliandika chini ya mengine kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kisha nikamsomea ahakikishe kama nimelipatia herufi.

"Salehe," akasema. "Kwa e mwishoni. Ndiyo. Umelipatia."